Kijana Kazini kwa Mzazi

Kijana anayepelekwa kushinda kazini kwa mzazi wake huwa na umri wa miaka 13 hadi 18. Amekwisha kupita umri wa kuachwa kwa jirani, lakini hajafikia umri wa kuachiwa ufunguo wa nyumba. Mbeya na Iringa vijana hao hupatikana kwa wingi mwezi Juni na Desemba, shule zinapofungwa. Kundi la pekee ni wale waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba: husubiri matokeo, kisha husubiri kupangiwa shule, mpaka kidato cha tano kianze katikati ya mwaka unaofuata. Hao ndio wazoefu wa fani, na baadhi yao hujua mahali funguo za ofisi zinapofichwa kuliko wenye ofisi.

Siku yenyewe huku kwetu haina tarehe. Marekani wameiwekea Alhamisi ya nne ya mwezi Aprili. Ilianzishwa mwaka 1993 na taasisi ya Ms. Foundation for Women kwa ajili ya mabinti, na mwaka 2003 wavulana nao wakaingizwa rasmi. Kanada nao huwapeleka wanafunzi wa darasa la tisa kila Novemba. Huku Nyanda za Juu Kusini siku hujipanga yenyewe. Dada wa kazi ameaga kwenda msibani Makete, au ugomvi wa rimoti ya king'amuzi umefikia hatua ya wazee kuitwa, au mzazi amegundua kwamba bando la wiki limekwisha Jumanne. Uamuzi hutolewa saa kumi na mbili asubuhi kwa maneno mawili, "Vaa, twende," na hauna rufaa.

Jambo hili si geni katika milima hii. Wakinga wa Makete walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalifika hadi kwa Wanyakyusa kwa kubadilishana. Mtoto wa mhunzi alishinda kwenye mvukuto bila mtu kuiita siku hiyo ziara ya mafunzo. Leo Wakinga wanajulikana zaidi kwa biashara, na katika maduka ya Mbeya, Makambako na Iringa ni kawaida kumkuta nyuma ya kaunta kijana anayetaja bei ya kila kitu bila kugeuka nyuma, ila ukimuuliza jina la mwalimu wake wa fizikia anakuna kichwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Kwa kijana wa siku moja sheria hiyo haina la kufanya, kwa kuwa anachokifanya ni vigumu kukiita kazi.

Msiba wa kwanza wa siku ni baridi. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa imepita mita 1,500, na Mafinga iko juu ya zote mbili. Juni na Julai ukungu wa Uyole hukaa barabarani hadi jua lipande, na upepo wa Iringa hupita katikati ya vifungo vya shati. Mzazi anayajua haya, naye huvaa sweta, koti na, akiwa mzee wa busara, soksi mbili. Kijana huvaa tisheti na raba nyeupe. Sweta amelikataa kwa sababu linaharibu mwonekano, ingawa mtu pekee atakayeuona mwonekano huo ni mhudumu wa masijala aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Kufika saa tatu meno yanagongana. Hapo ndipo koti la mlinzi huingia katika habari hii. Ni koti zito, refu hadi chini ya magoti, lina harufu ya moshi wa mkaa na mfuko mmoja uliotoboka, na mwenyewe ametoka zamu ya usiku akaliacha msumarini. Kijana hulivaa akisema ni kwa dakika tano. Hulivua jioni. Kati ya saa hizo, wananchi kadhaa wamemuuliza choo kiko wapi, na mmoja amemkabidhi pikipiki ailinde.

Salamu hufuata, nayo ni mtihani usio na marejeo. Kanuni ya nyumbani ni rahisi: mkubwa hupewa shikamoo. Lakini sehemu ya kazi ina wanachuo walio kwenye mafunzo kwa vitendo, wenye miaka ishirini na kidogo, na ina pia mkuu wa idara anayevaa jinzi siku ya Ijumaa. Kijana humpa binti wa chuo shikamoo, naye huuliza kwa uchungu, "Kwani mimi mzee?" Akiwa amejifunza kutokana na kosa hilo, humgeukia mwenye jinzi na kumwambia, "Mambo vipi?" Siku hiyo baba yake hukaa mbali na ofisi ya mkuu kadiri inavyowezekana. Wazee wa pembeni huongeza ugumu. Aliyetoka Rungwe husalimu "Ugonile," aliyetoka Kalenga husalimu "Kamwene," na mtoto wa mjini, ambaye lugha ya bibi anaisikia Krismasi tu, hujibu wote wawili "Poa."

Baada ya salamu huja ukaguzi. Kila mtu hueleza kimo alichokuwa nacho kijana mara ya mwisho, kwa kiganja kilichoshushwa hadi usawa wa goti, na hudai kwamba aliwahi kumbeba. Kisha huulizwa anataka kuwa nani. Akijibu rubani, watu hucheka. Akijibu mwanamuziki, humtazama mzazi. Akijibu mhasibu, wahasibu waliopo humpa pole.

Ajali za mikono ni nyingi lakini zinatabirika, na hutegemea zaidi kazi ya mzazi kuliko tabia ya mtoto. Ofisini ni stepla, mhuri na mashine ya fotokopi. Kijana aliyepewa mhuri apige kwenye karatasi ishirini hupiga kumi na tisa vizuri na moja juu chini, na hiyo moja ndiyo inayokwenda kwa mkurugenzi. Sokoni ni sado, ile ndoo ndogo ya plastiki inayopimiwa viazi mviringo. Mkono wa muuzaji mzoefu hupanga viazi vikubwa kwa namna ya kuacha nafasi katikati, kisha huweka kilele kinachopendeza macho. Kijana hutikisa ndoo vizuri ili vikae, kama alivyoelekezwa kwenye somo la ujazo, hujaza tena, hutikisa tena. Foleni mbele ya kibanda huongezeka ghafla, na mama hushangaa kabla hajashtuka.

Mafinga, wilayani Mufindi, tatizo ni tepu. Mji huo unaishi kwa mbao za Msitu wa Sao Hill, misindano na mikaratusi iliyopandwa hadi macho yanachoka, na mafundi wake wanahesabu kwa inchi: mbili kwa nne, moja kwa nane. Shule inafundisha sentimita. Tepu ina vyote viwili, kila kimoja kwenye ukingo wake, na haisemi lolote. Fundi akiwa juu ya ngazi, misumari mdomoni, huagiza kipande cha thelathini na mbili cha juu ya fremu ya mlango. Kijana hupima, huweka alama kwa penseli, hupima tena kama mtu makini, kisha hukata kwa msumeno. Kipande kilichotakiwa kuwa na sentimita 81 hutoka na 32. Fundi hukitazama, hukigeuza, hutema misumari kiganjani na kuuliza mlango huo ni wa kuku? Ikumbukwe kwamba hesabu ya kijana ilikuwa sahihi, na mwalimu wake angempa alama zote.

Mbeya, iliyo kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, ina gereji nyingi za malori ya Zambia na Kongo, na katika gereji mgeni hupokelewa kwa kutumwa. Mafundi humwambia mtoto wa mwenzao aende gereji ya jirani akaazime upepo wa akiba. Fundi wa jirani, bila kutikisa uso, husema umekwisha asubuhi, ajaribu kwa yule wa mbele. Yule wa mbele humuuliza anataka wa tairi la mbele au la nyuma. Huzunguka hivyo mpaka akutane na mtu mwenye huruma, na watu wa namna hiyo hawako karibu. Zamani mwerevu mmojammoja alirudi na mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo ukiwa umejaa hewa, akauweka mezani na kuuliza wanataka mwingine. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, jibu hilo linahitaji puto.

Hata hivyo stepla, tepu na upepo ni mambo madogo. Hatari kubwa ya kijana kazini ni mdomo wake. Miaka yote ya malezi ameambiwa aseme kweli, na hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba sehemu ya kazi husimama juu ya mambo mengi yasiyosemwa.

Mfano mzuri kuliko yote unatoka kwenye mchele. Wilaya ya Kyela, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, inatoa mchele unaonukia hata kabla ya kuoshwa, na jina lake limesambaa nchi nzima na kupandisha bei. Mbarali, kwenye bonde la Usangu, inalima mpunga mwingi kwa umwagiliaji, na mchele wake hauna kosa lolote isipokuwa jina. Matokeo yake, ukipita kwenye vibanda vya mchele, Kyela inaonekana kuwa kubwa kuliko mkoa mzima. Kila gunia lililo wazi limechomekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: KYELA SUPA.

Mama wa mfano huu anauza mchele, na wenzake pale sokoni humwita Mama Kyela. Binti yake wa kidato cha tatu amekaa juu ya gunia, simu mkononi. Anakuja mteja aliye safarini kwenda Dar es Salaam, basi linamsubiri. Anachota mchele kiganjani, anaupuliza, anaunusa, anatia punje moja mdomoni.

"Mama, huu ni wa Kyela kweli?"

Mama anafungua kinywa. Binti, bila kuinua macho kwenye simu, anamsaidia.

"Hapana. Wa Kyela uliisha Jumamosi. Huu umeletwa na Fuso la Ubaruku."

Ubaruku iko Mbarali. Kibanda kizima kinanyamaza, hata muuza dagaa wa jirani. Mama anacheka kicheko kirefu na kusema mtoto huyu ana utani kama marehemu babu yake. Binti, ambaye hapendi kusingiziwa, anainua macho sasa.

"Si ulinituma mimi nihesabu magunia yakishushwa?"

Mteja anapunguziwa bei kwa kila kilo, anachukua kilo ishirini na kuondoka akimsifu mtoto kwa malezi mema. Binti anahamishiwa nyuma ya kibanda akapange mifuko mitupu. Lakini habari sokoni hazina mguu mfupi: mwanamke aliyekuwa akinunua dagaa anakuja, anapita mbele ya mama kama anavyopita mtu mbele ya nguzo ya umeme, na kusema anataka kuhudumiwa na yule mtoto.

Mama huyo, kwa haki, hakuwa mwongo kuliko soko. Mteja mwenyewe asingenunua gunia lililoandikwa Mbarali, hata kama pua yake imeridhika. Mnunuzi anayelipia jina ndiye aliyeandika lile boksi, mama alishika kalamu tu.

Viazi navyo vina siri yao. Wakala wa Vipimo imekuwa ikipambana na lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa kikubwa cha viazi na kushonwa kwa kamba mpaka linafanana na mtu aliyevaa kilemba. Kikomo cha gunia la mazao ni kilo 100. Kijana aliyeyasikia hayo redioni, akifika na baba yake dalali kwenye shehena ya Uyole, huuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta elimu, "Baba, hii si ndiyo lumbesa?" Mkulima aliyeleta mzigo humtazama kijana kwa mapenzi ambayo hajawahi kuyapata kwa dalali yeyote.

Ofisini kweli ina gharama ya namna nyingine. Mkubwa wa baba, mtu mwema, hupita kwenye meza, humpa kijana mkono na kumwambia, "Pole kwa kumuuguza baba wiki iliyopita. Hii homa ya safari hii mbaya." Kijana hutafakari. Wiki iliyopita walikuwa Matema, ufukweni. Baba aliogelea, akala samaki wawili, akaimba kwenye gari tangu Kyela hadi Tukuyu. Upo muda wa kutosha wa mzazi kukohoa, na wazazi wenye uzoefu hukohoa. Asiye na uzoefu hutazama dirishani, ambako husikia nyuma yake sauti inayojiamini ikisema kwamba maji ya Ziwa Nyasa ni masafi hadi mtu anaona vidole vyake vya miguu.

Saa saba ni chakula, na hapa mambo hugeuka: sasa ni kazi inayomfichua mzazi. Kijana hudhani baba hula vizuri mchana, maana kila asubuhi hutoka na nauli na hela ya kula. Mama lishe huwa anajua zaidi. Anajua kwamba mteja wake huyu hunywa chai ya rangi na maandazi mawili siku za kawaida, wali maharage mshahara ukitoka, na ana ukurasa wake kwenye daftari la madeni lililoning'inizwa kwa kamba karibu na sufuria. Kijana huagiza chipsi kuku na soda. Baba husema yeye ameshiba. Mama lishe huandika, huhesabu kwa midomo, kisha humwambia mtoto kwa upole, kana kwamba anamtuma dukani, "Mwambie baba na zile za mwezi uliopita bado." Baba amekaa hapohapo, mkono mmoja kutoka kwenye daftari.

Mchana huwa mrefu. Kazi za serikali hukoma saa tisa na nusu alasiri, lakini saa hiyo huwa haifiki. Bando limekwisha, koti la mlinzi limeanza kuwasha shingoni, na kijana, kwa kukosa la kufanya, humtazama mzazi wake. Mtu ambaye nyumbani huamua chaneli ya habari na saa ya kulala, hapa husema "ndiyo mkuu" kabla ya sentensi ya mkuu kuisha, na hucheka utani ambao mwisho wake bado haujafika. Mama ambaye nyumbani haombi chumvi mara mbili, sokoni hubembeleza mteja kwa kumwita mpenzi, mdogo wangu, jirani yangu, na akikosa yote humwita bosi. Huonekana pia mambo mengine: kwamba faili lililopotea kwa siku nne hutafutwa na baba, si na wenzake, na baba hulipata, kwamba magunia yakishushwa, mama huinua upande mmoja na kuli upande wa pili. Haya kijana huwa hayasemi. Ni kweli pekee ambazo hazimtoki mdomoni siku nzima.

Elimu rasmi nayo imeanza kuelekea huku. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, ukaanza kufundishwa mwaka 2024, ili mwanafunzi atoke shuleni na ujuzi mkononi. Hakuna somo la kukaa kimya mbele ya mteja, na huenda ni vizuri hivyo.

Jioni, kwenye bajaji ya kurudi, mzazi hutoa masharti. Yaliyotokea kazini hubaki kazini. Kijana huafiki, na kwa haki huwa ana nia ya kutimiza. Ugali ukishatengwa, mzazi mwingine huuliza tu siku ilikuwaje, na ripoti hutoka nzima: mchele, Matema, fremu ya mlango, daftari la mama lishe, kwa mpangilio na bila chumvi. Wadogo zake husikiliza kama wanaosikiliza mpira redioni, na kila mmoja huomba kupelekwa siku inayofuata. Mtuhumiwa hupewa nafasi ya kujitetea baada ya chakula, ikiwa umeme haujakatika.

Mzazi anayekusudia kumpeleka kijana kazini likizo ijayo, basi, amvalishe sweta kwa nguvu, amwonyeshe upande wa inchi kwenye tepu, na kabla ya yote akalipe deni la mama lishe.